Formule Niliyomnyima Joviale

Watoto wa Kasha wananiita Maître Kidole. Mbele yangu hawathubutu, ni waoga hao, lakini nikipita kwenye kona ya mashine ya kusaga mihogo ninasikia nyuma: "Kidole anapita! Kidole anapita!" Nikigeuka, kila mmoja anatazama viatu vyake. Jina langu ni Polycarpe. Nimefundisha miaka ishirini na tisa katika shule moja, hapa kwenye kilima cha Kasha, pembeni kabisa ya Bagira, mtaa wa mji wa Bukavu, na kama ni lazima nipewe jina la mzaha, basi angalau mtu ajue limetoka wapi.

Mwanafunzi wetu akiona swali lenye namba, kwanza anaogopa. Kisha anaanza kuzidisha na kugawanya ovyo, akitumaini jibu litamwonea huruma. Mimi ninamwambia: tulia, ewe! Andika unachopewa. Andika unachoulizwa. Halafu chora pembetatu, uikate kwa mstari katikati. Juu unaweka kile kikubwa, chini unaweka viwili vinavyokizaa. Tuseme umbali juu, mwendo na muda chini. Sasa funika kwa kidole kile unachokitafuta. Ukifunika cha juu, vile viwili vya chini vinabaki pamoja, zidisha. Ukifunika kimoja cha chini, mwenzake anabaki chini ya kile cha juu, gawanya. Basi. Mtoto mwenye kidole kimoja na akili kidogo anaweza kufanya hivyo.

Na pembetatu hiyo haichagui somo. Kwenye fizikia ya umeme, volti zinakaa juu, ohm na ampère chini. Kwenye kemia, gramu juu, chini mole na uzito wa mole moja. Kwenye jiografia, wakaaji juu, chini ukubwa wa nchi na msongamano wa watu. Wenzangu wa masomo mengine walinicheka miaka ya kwanza, wakasema ninafanya sayansi kuwa mchezo wa chekechea. Halafu wanafunzi wao wakaanza kufunika vitu kwa kidole katika masomo yao pia, na wakawa wanapata. Kicheko kikaisha.

Sisemi kwamba nilishinda kila siku. Mwaka mmoja niliandika ubaoni: kamyoni inatoka Bukavu saa kumi na mbili asubuhi, inakwenda Kamituga, kilomita mia moja na themanini, kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa. Itafika saa ngapi? Bisimwa, ambaye baba yake ni dereva wa njia ile, akainua mkono. "Maître, itafika siku ya tatu, kama Mungu anapenda. Ukitaka, nitakuonyesha pahali itakwama." Darasa likavunjika kwa kicheko. Nilikasirika, nikamwambia akae. Kisha nikafikiri, nikamwambia asimame tena. Nikamuuliza, baba yako anatumia saa ngapi? Akasema mara ya mwisho zilikuwa saa sitini, pamoja na kulala matopeni. Aya, nikamwambia, kidole juu ya mwendo. Mia moja na themanini kugawanya na sitini: kilomita tatu kwa saa. "Maman mwenye mzigo wa makala ya kupikia anakupita," nikasema. Formule haikosei, wanangu. Kinachokosea ni namba mnazoipa. Ninaipenda siku ile mpaka leo.

Sasa nitasema habari ya binti yangu, na hapo mtaona kwamba mganga hajigangi.

Mungu alitupa mtoto mmoja tu, mimi na mke wangu Carine, na maneno ya watu juu ya jambo hilo nimeyasikia ya kutosha. Anaitwa Joviale. Hakusoma kwangu. Carine alitaka asome kwa masista huko mjini, na mimi sikubisha. Nyumbani nilikuwa ninafika jioni nimechoka, sauti imekauka, chaki mpaka kwenye nyusi. Mara moja alikuja na daftari yake nikamwambia, "Kesho, mama." Alipokuwa mkubwa kidogo nilijaribu mwenyewe kumfundisha, akanijibu: "Hapa nyumba wewe ni papa, hauko maître." Tulicheka. Nilifurahi hata, nikarudi kusahihisha kazi za watoto wa wengine. Kwa hiyo binti wa Maître Kidole alifika darasa la sita la sekondari, sehemu ya kemia na biolojia, bila kuijua pembetatu ya baba yake. Alikuwa amemeza formule, zile kanuni za hesabu, moja moja, arobaini na kitu, na zote zilimchanganya kichwa.

Carine anafanya kazi katika ofisi ya shirika moja. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule wake wa mwisho wa shule, kabla ya vita kufika mjini, ofisi yake ilihamia Kinshasa, naye akaondoka na Joviale kwa ndege. Mimi nilibaki. Nani angechunga nyumba? Nani angefundisha darasa la sita? Tulisema ni mwezi mmoja. "Mwezi mumoja tu, Polycarpe, usifanye sura hiyo," Carine aliniambia. Baada ya hapo ndege zikaacha kuruka, barabara mnazijua, na ule mwezi mmoja ukazaa miezi mingine.

Nasema wazi: nilikuwa mpweke. Sikuwa mtu wa kulia-lia. Nilikuwa mtu wa kuweka sahani tatu mezani na kurudisha mbili kabatini, na kuutukana mlango kwa sababu hakuna aliyebisha. Carine alizoea kupika bugali ya vikombe vitatu vya unga kwa watu watatu. Kanuni ya tatu, ile ya uwiano, inasema mtu mmoja, kikombe kimoja. Nikapika kikombe kimoja, kikatoka kitu kama gundi ya kubandikia bahasha. Nikapika tena, ikawa vilevile. Bugali haikubali kupikiwa mtu mmoja, hilo halimo katika kitabu chochote. Nikaanza kupika ya watu watatu na kula ileile siku tatu.

Jumapili kwenye misa, padri akisema tupeane amani, mkono wangu wa kuume ulikuwa unamkuta mgeni, na wa kushoto ulikuwa hauna wa kumkuta. Carine alipiga simu Jumapili jioni. Mtandao ulikata maneno nusu. "Uko muzima? ... chakula ... usisahau dirisha ya nyuma." Joviale nyuma yake alisema, "Bonjour Papa!" kama mtu anayepita njiani. Nilimuuliza kama anasoma, akasema anasoma, na hapo maneno yetu yakaisha.

Halafu siku moja ya mwezi wa tatu, saa kumi na moja jioni, kwao Kinshasa ni saa kumi, simu ikalia. Ni Joviale mwenyewe.

"Papa, uko busy?"

"Mimi? Hapana. Kuko nini?"

"Chimie. Bananipa gramu makumi munane za soude, banaweka mu lita ine za maji, banauliza concentration. Ku kelasi tuko batu mia moja na kumi, profe anaandika haraka haraka, anafuta. Nayebi te, Papa. Sijue kama ni kuzidisha ao kugawanya."

Tayari Kilingala kilikuwa kimeanza kumwingia. Nikachukua karatasi. Themanini kugawanya na arobaini, uzito wa mole moja ya soude: mole mbili. Mbili kugawanya na lita nne: nusu mole kwa lita. Nikapiga picha, nikatuma. Akapiga kelele ya furaha huko Kinshasa. "Papa! Uko mukali!" Na hakukata. Akaanza kunisimulia: joto linalomtoa jasho akiwa amekaa, mbu, binamu zake wanaomcheka akisema Kiswahili, maman anayerudi usiku amenyamaza. Aliongea dakika ishirini na tano. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na kalamu mkononi, na nilikuwa ninatabasamu peke yangu. Jioni ile bugali ya siku ya tatu niliiona tamu.

Kesho yake nilitaka kumtumia pembetatu. Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Niliichora vizuri, kwa rula, na mifano mitatu. Nikaipiga picha. Nilikuwa nimeshaweka kidole gumba juu ya alama ya kutuma. Kisha nikawaza: akiwa na hii, atanihitaji kwa nini? Mtoto mwenye pembetatu hapigi simu kwa babake saa kumi na moja jioni. Nimewafundisha mamia, ninajua, wakishaijua wanakwenda zao na hawageuki nyuma, na ndiyo kazi yenyewe. Nikafuta picha ile. Nyamuzinda, Mungu wangu, niliifuta kwa makusudi, na akili zangu timamu.

Alipopiga tena, ilikuwa jiografia: wakaaji elfu tisini, kilomita za mraba mia tatu. Nikamwandikia jibu. Halafu umeme, halafu tena kemia, halafu biolojia, mapigo ya moyo na damu inayosukumwa kwa dakika. Mara tatu, mara nne kwa juma. Nilinunua mega za simu kabla ya kununua sabuni. Nilikuwa ninajibu maswali yake kwa haraka, ili tubaki na muda wa kuongea. Nilijua jina la mwalimu wake mkali, nilijua rafiki yake mpya anapenda nini, nilijua binti yangu anaogopa radi za Kinshasa. Miaka kumi na saba katika nyumba moja sikuwa nimeyajua hayo. Na kila mara, kabla ya kukata simu, aliniuliza swali lilelile: "Lakini Papa, unajuaje kama ni kuzidisha ao kugawanya?"

"Itakuja polepole," nilimjibu. "Wewe nitumie tu."

Asubuhi nilikwenda darasani, nikawachorea pembetatu watoto wa watu. Murhula, ambaye hata buti za mvua hana, aliijua kwa siku mbili. Mimi nilimsifu mbele ya wote, nikaenda nyumbani kusubiri simu.

Mwezi wa tano, shule yao ya Kinshasa ilifanya mtihani wa majaribio, ili kuwaandaa kwa mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exetat. Simu zilikusanywa mlangoni. Joviale alipata thelathini na moja juu ya mia.

Carine ndiye aliyenipigia, na ilikuwa Jumatano, si siku yake. "Polycarpe, mutoto analia tangu jana. Anasema yeye ni bête, mujinga, anasema hataenda ku Exetat, ataenda kuuza mikate. Wewe mwalimu wa miaka yote hiyo! Munakaa mu telefone kila siku, munasemaka nini?" Akampa Joviale simu. Nilisikia akivuta kamasi.

"Papa," akasema, "bila weye siwezi kitu."

Miezi miwili nilikuwa nimefanya kazi ili nisikie neno lile. Nililipata, nikakaa chini palepale kwenye sakafu, mgongo ukutani. Nikamwambia asilie, nikamwambia tutaona. Sikumwambia kweli. Nilikuwa muoga kuliko wale watoto wa kwenye mashine ya mihogo.

Kesho yake, katika chumba cha walimu, sikuweza kunyamaza. Alikuwepo Madame Virginie tu, mwalimu wa Kifaransa, mjane asiyempaka mtu mafuta. Nikamweleza yote. Hakuinua hata kalamu nyekundu kutoka kwenye imla aliyokuwa anasahihisha.

"Maître, ulikula akili ya mutoto juu ya kupata wa kukupa kampani?"

"Si hivyo, madame."

"Ni hivyo. Mimi pia nyumba yangu iko tupu. Ninaongeaka na jiko. Lakini sijafunga mutoto kamba." Ndipo akanitazama. "Imebakia siku ngapi mbele ya Exetat?"

"Makumi ine na mbili."

"Basi unafanya nini hapa?"

Nilimkasirikia njia nzima mpaka nyumbani. Anajua nini yule, na midomo yake? Nilimkasirikia kwenye kilima, nilimkasirikia wakati ninafungua kufuli. Nilipokaa kitini hasira ikanigeukia mimi mwenyewe. Saa kumi na moja nikapiga simu.

"Joviale, iko neno moja nilikuficha."

"Neno gani?"

"Iko njia moja ya kujua kama ni kuzidisha ao kugawanya. Mu masomo yote. Batoto ba hapa bote banaijua. Weye sikukufundisha."

"Ulisahau?"

"Hapana. Sikusahau."

Nilisikia televisheni ya huko kwao, watu wanacheka ndani yake.

"Juu ya nini, Papa? Sababu gani?"

"Juu kama ungeijua, haungenipigia tena."

Sauti yake ikatoka ndogo, ya mtoto wa miaka saba. "Profe alisoma points zangu kwa sauti. Kelasi nzima. Banasema, angalia petite, katoto ka Bukavu. Nilitoka nje, nikakaa ku choo mpaka saa ya kurudi."

"Ninajua, mama. Nisamehe."

"Hapana. Haujue." Akakata.

Siku ya kwanza hakupiga. Siku ya pili hakupiga. Nilituma pembetatu, mifano kumi, maelezo yote kwa sauti. Alama ilionyesha amefungua, hakujibu. Siku ya tatu nilifundisha vibaya, nikamfukuza Murhula darasani kwa kosa ambalo hata sikumbuki, kisha nikaenda kumtafuta uwanjani na kumrudisha. Nilifikiri: sasa nimepoteza vyote viwili, mtihani na mtoto. Kama ningeweza kutembea kwa miguu mpaka Kinshasa ningeanza njia.

Siku ya nne simu ikalia, ya video. Uso wake ulikuwa umevimba macho, na hakunisalimu.

"Nionyeshe," akasema.

Nikaegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Nikachora. Nikaweka kidole. Nilimfundisha kama ninavyomfundisha mtoto yeyote, bila kubembeleza, na alipokosea nilimwambia amekosea. Umbali, mwendo, muda. Gramu na mole. Mole na lita. Volti. Wakaaji. Kufika swali la sita alikuwa ananiwahi. Kufika la tisa alichora mwenyewe pembetatu ya mapigo ya moyo, ambayo mimi sijawahi kumchorea mtu. Akasimama. Akaangalia karatasi yake, akaniangalia mimi.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

"Papa. Nililia wiki nzima juu ya hii tu?" Akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, na alilia huku akinitazama bila kuficha uso, ili nione vizuri. Nikaona. Alipomaliza akafuta pua, akasema, "Lete ingine." Tulifanya maswali thelathini na matatu mpaka betri yake ikafa.

Na ikawa kama nilivyohesabu. Juma lililofuata alipiga mara mbili, juma la pili mara moja, kwa swali ambalo kweli lilikuwa gumu. Baada ya hapo, kimya. Akituma ujumbe ni picha ya karatasi iliyojaa pembetatu, na jibu chini yake limeshapatikana, na neno moja: "Ça va?" Nami nilikuwa ninaandika: "Ça va." Jibu lilikuwa sahihi kila mara. Nilifurahi kama mwalimu. Kama baba nilikula bugali ya siku tatu na kuangalia simu juu ya meza.

Mwezi wa saba akafanya mtihani. Siku zile nne nilivaa koti na tai nyumbani, sijui kwa nini, shule yetu ilikuwa imefunga. Mwezi wa nane, asubuhi moja, matokeo yakatoka. Niliingiza namba yake ya mtihani mara tatu kabla haijakubali. Asilimia sitini na nne.

Nilipiga ukelele. Maman Bintu, jirani yangu, alidhani nimeumwa na nyoka, akaja mbio na mwiko mkononi. Nilipomwambia, akaacha mwiko ukaanguka, akarudi kwake, akaja na kopo la poda na wanawake wengine wanne. Huku kwetu mtoto akipata diploma ya Serikali anamwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe. Mtoto hakuwepo. Wakanimwagia mimi. Waliimba, wakanizungusha uani, mtu mzima mwenye miaka hamsini na sita, poda mpaka ndani ya masikio. "Papa Joviale, weye ndiyo umefaulu!" Walicheza nusu saa. Kisha kila mmoja akakumbuka chungu chake motoni, wakaondoka. Nikabaki uani, mweupe, na hatua zangu za kucheza chini kwenye vumbi.

Nilipiga Kinshasa. Namba ilikuwa na mtu, inatumika. Nikapiga tena, ina mtu. Saa sita mchana ikaja picha: Joviale mweupe kunishinda, Carine pembeni yake anacheka mdomo wazi, binamu, majirani, watu ambao siwajui. Chini yake: "Papa tumepata!!!" Niliiangalia mpaka simu ikajizima. Nikaenda kunawa.

Zilipita siku kumi na mbili. Carine alipiga Jumapili zake, akasema Joviale yuko nje na wenzake, yuko kwa shangazi, amelala. Alikuwa karibu kuanza chuo kikuu. Mimi nilianza kuandika ujumbe: "Kama unataka nikutayarishe kwa kemia ya mwaka wa kwanza..." Nikaufuta. Nikaandika mwingine, swali zuri sana la gesi, ili aone kama anaweza. Nikaliangalia lile swali. Mjinga wewe, nikajiambia. Mwanao amemaliza mtihani, na wewe bado unamtafutia maswali ili mpate kuongea. Huna neno lingine?

Kweli sikuwa nalo. Hilo ndilo lililokuwa linaniogopesha tangu mwezi wa tatu. Sikuwa ninaogopa kwamba atapata formule. Niliogopa kwamba zikiisha formule, kati yangu na yeye hakutabaki kitu.

Nikapiga simu bila swali lolote. Ililia muda mrefu.

"Allô? Papa?" Nyuma yake kulikuwa na muziki na wasichana. "Papa, kuko nini? Ni nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Nyumba? Bezi banaingia mu nyumba?"

"Hapana, Joviale. Niko muzima. Nyumba iko."

"Basi juu ya nini umepiga?"

Nilitafuta. Miaka ishirini na tisa ninasimama mbele ya watu na kusema, na nilitafuta kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Sina sababu," nikasema. "Nimepiga tu."

Nilisikia muziki, nilisikia mtu anamwita jina lake, na nilijua sasa atasema, aya Papa, tutaongea kesho. Nikafumba macho. "Ngoja," akasema. Nikasikia hatua zake, mlango, muziki ukabaki nyuma ya mlango. Nikasikia anakaa chini kwenye kitu, ngazi labda.

"Aya," akasema. "Niko."

Nikamwambia mvua inanyesha huku Kasha.

"Sana?"

"Sana."

"Huku hainyeshi," akasema.

Nilisikia anapumua. Hakuniuliza tena nataka nini, na hakukata, na mimi sikukata, mpaka unité zangu za simu zikaisha.